Joto ni lile lile, mbona miamba haikufa sawasawa?

Swali la msomaji:

"Assalaam alaikum mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya bahari, nyumbani ni Unguja. Nataka utafiti wangu wa kumalizia masomo uoneshe jinsi shughuli za binadamu zinavyosababisha matumbawe kupauka katika miamba iliyo mbele ya Mji: maji machafu, uvuvi, nanga, watalii. Msimamizi wangu amelirudisha pendekezo langu mara mbili, anasema halipimiki. Babu yangu amevua tangu ujana wake, naye anasema matumbawe hupauka bahari ikichemka na binadamu hana mkono hapo. Nina miezi minane. Vifaa vyangu ni miwani ya kuzamia na mpira wa kupumulia tu. Nifanyeje?"

Jibu:

Waalaikum salaam, mwanangu.

Babu yako kasema kweli, na msimamizi wako kasema kweli. Kilichokufunga ni neno moja katika pendekezo lako: "zinavyosababisha". Ukilitoa hilo, utafiti utapimika, na babu atakuwa shahidi wako badala ya kuwa mpinzani. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu kosa unaloliendea nililifanya mimi mwenyewe, na lilinipotezea msimu mzima wa kazi.

Tuanzie alipoanzia babu. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake wanaishi viumbe vidogo mno vya jamii ya mwani, vinavyoitwa zuzantela. Hao ndio wanaompa rangi ya kahawia au kijani, na ndio wapishi wake. Kwa mwanga wa jua hutengeneza sukari, na kwa baadhi ya aina hadi asilimia 90 ya nguvu anazotumia tumbawe hutoka kwao. Maji yakizidi joto, kazi yao ya kunasa mwanga huharibika, wakaanza kumwaga oksijeni yenye sumu ndani ya nyumba ya mwenyeji wao. Tumbawe huwatoa nje. Nyama inayobaki hupitisha mwanga kama kioo, na unachokiona wewe kwa juu ni mifupa ya chokaa. Huko ndiko kupauka.

Kwa hiyo tumbawe lililopauka bado li hai, ila lina njaa. Maji yakipoa mapema, wapishi hurudi na rangi hurudi. Yasipopoa, hufa, na muda si mrefu utaona utelezi wa mwani umeanza kuota juu ya mifupa. Shika sana tofauti hii ya weupe na kifo. Nimesoma ripoti nyingi za wanafunzi wetu zilizohesabu vitu hivi viwili kama kitu kimoja, na hapo kila hesabu inayofuata huharibika.

Joto linalotosha kufanya hayo ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Nyuzijoto 1 juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, ikidumu wiki kadhaa, inatosha. Shirika la bahari na anga la Marekani, NOAA, hupima kwa satelaiti na kujumlisha joto la ziada la wiki 12 zilizopita: nyuzi 1 ya ziada kwa wiki 4 ni 4, na nyuzi 2 kwa wiki 2 ni 4 vilevile. Jumla ikifika 4, tarajia kupauka. Ikifika 8, tarajia vifo. Ramani zao ni za bure na kila mraba una upana wa kilomita 5, kwa hiyo huna sababu ya kuandika "joto lilikuwa kali" bila ya kuweka tarakimu.

Na babu anajua ni lini. Kaskazi ikiisha, kabla kusi haijashika, kuna zile siku za maleleji: upepo umekufa, bahari imelala kama mafuta, maji ni meupe unaona chini. Hapo ndipo hatari ilipo, kwani maji hayachanganyiki na ya chini yaliyo baridi, na jua linapenya moja kwa moja mpaka kwenye mwamba. Joto pamoja na mwanga ndivyo vinavyoua. Joto peke yake lina nguvu ndogo zaidi. Ndiyo maana kwetu matumbawe hupauka kati ya Machi na Mei, na ndiyo maana tumbawe lililo kwenye kivuli cha jabali mara nyingi hubaki na rangi wakati jirani yake aliye juani amekuwa mweupe.

Miaka mikubwa unaijua. Mwaka 1998, baada ya zile mvua ambazo mpaka leo watu wanaziita za El Nino, Bahari ya Hindi ilipata pigo ambalo vizazi vyetu havikuwahi kuliona. Makadirio ya wakati ule yalisema asilimia 16 ya miamba ya matumbawe duniani iliangamia au kuharibika vibaya. Kwetu Tutia kule Mafia na Misali kule Pemba ni miongoni mwa iliyoumia zaidi. Ikaja 2010, ikaja 2016. Tarehe 15 Aprili 2024 NOAA pamoja na mtandao wa nchi unaoshughulikia matumbawe walitangaza wimbi la nne la dunia nzima, na bahari ya Tanzania ilikuwa kwenye orodha.

Kwa hiyo babu yuko sahihi kwamba bahari ikichemka ndiyo inayopausha. Pale anaposema binadamu hana mkono ndipo ninapoachana naye, kwa heshima. Kabla ya viwanda, hewa ilikuwa na chembe 280 hivi za gesi ya ukaa katika kila milioni. Leo zimepita 420. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililonaswa kwa sababu hiyo limemezwa na bahari. Mkono upo, tena mkubwa, lakini si mkono wa mtu wa dema aliyetoka Mtoni alfajiri. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimesoma kazi za watu wanaofika kisiwani kwa wiki mbili, wakaona weupe, wakaona mvuvi, wakaunganisha. Mvuvi wa Unguja amechangia kidogo mno katika moshi uliopasha bahari, halafu ripoti inamwandika yeye kuwa mkosaji. Wewe ni mtoto wa hapa. Usiandike hivyo bila ushahidi.

Ushahidi uliopo unakwenda kinyume cha pendekezo lako. Mwaka 2016 Terry Hughes na wenzake walichunguza miamba mingi ya lile tuta kubwa la matumbawe la Australia baada ya joto kali. Waliangalia kama maji safi na kupigwa marufuku uvuvi vilipunguza kupauka. Havikupunguza kwa kiasi cha maana. Joto lilipozidi kipimo, mwamba uliolindwa na usiolindwa yote ilipauka. Nafikiri msimamizi wako analijua hili, na ndiyo sababu anakurudishia karatasi.

Je, shughuli zetu za hapa basi hazina athari? Zinayo, na hapa ndipo penye utafiti wako. Athari yake haiko kwenye swali la "nani amepausha". Iko kwenye maswali matatu yanayofuatana: joto likiwa lile lile, ni matumbawe yapi yamepauka mapema zaidi, ni mangapi yamekufa baada ya kupauka, na ni mwamba upi umeanza kuota tena.

Kwenye swali la kwanza, jambo lenye ushahidi mzuri ni maji machafu. Kule Florida, Rebecca Vega Thurber na wenzake waliweka mbolea ya naitrojeni na fosforasi kwenye vipande vya mwamba halisi baharini kwa miaka mitatu, huku vipande vingine vya karibu wakiviacha bila ya kitu. Penye mbolea magonjwa yaliongezeka maradufu na kupauka kukaongezeka zaidi ya mara tatu. Kisha wakaacha kuweka mbolea. Baada ya miezi kumi hivi tofauti ilikuwa imetoweka. Naupenda utafiti huu kuliko mwingi, kwa sababu waliweka wao wenyewe, wakatoa wao wenyewe, na mwamba ukajibu mara zote mbili. Sababu moja inayotajwa na tafiti nyingine ni hii: naitrojeni ikizidi bila ya fosforasi ya kutosha, wapishi huzaliana kupita kiasi huku wakiwa dhaifu, joto likija ndio wa mwanzo kuharibikiwa. Mabomba ya Mji Mkongwe yanamwaga baharini, wewe na mimi tunajua, na harufu yake inajulikana na kila aliyewahi kupita ufukweni maji yakitoka.

Kwenye swali la pili na la tatu, samaki ndio wenye neno. Pono, kangaja na tasi wanakula mwani. Mwamba uliopauka ukafa kwa nusu unahitaji wao waendelee kuusafisha, ili watoto wa matumbawe wanaoelea majini wapate pahala patupu pa kushika. Wakiisha kwa juya na nyavu za macho madogo, mwani hutawala, na mtoto wa tumbawe hakai juu ya mwani. Na ukimmaliza kikande, wale wanyama wa miiba mirefu myeusi wanaochoma nyayo huongezeka, kwani kikande ndiye anayewala. Wakiwa wengi mno hukwangua mwamba mpaka ukawa kama uliopigwa randa. Hili la kikande limeoneshwa vizuri kwenye miamba ya Kenya na Tim McClanahan, ambaye ameipima tangu miaka ya 1980. Mwaka 2021 Mary Donovan na wenzake walikusanya takwimu za maeneo 223 duniani wakakuta kwamba baada ya joto kali, palipokuwa na mwani mwingi ndipo matumbawe yalipopotea zaidi.

Sasa ule mtego.

Mwaka 2010, wakati wa maleleji, nilikimbilia miamba miwili mara niliposikia weupe umeanza. Mmoja ulikuwa unalindwa. Mwingine ulikuwa unapigwa kigumi kwa miaka, watu wanagonga matumbawe kwa miti ili samaki waingie wavuni. Nilikuwa na jibu langu kichwani kabla sijalowa maji. Nikapima, nikahesabu, nikakuta uliolindwa umepauka zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Nikarudia nikidhani nimekosea utepe, ule wa kupimia unaotandazwa juu ya mwamba. Ikawa ni vilevile. Mzee mmoja aliyekuwa akinifundisha aliziangalia karatasi zangu akaniuliza neno moja: "Mwaka jana kwenye mwamba huu wa pili palikuwa na nini?" Sikuwa na jibu. Sikuwahi kwenda kabla.

Kilichotokea ni hiki. Matumbawe ya matawi, yale ya jamii ya Akropora na Posilopora, ndiyo yanayovunjika kwa kigumi na nanga, na ndiyo hayo hayo yanayopauka haraka joto likija. Mwamba ule wa pili ulikuwa umekwisha kuyapoteza. Yaliyobaki ni magumu, yale makubwa ya mviringo kama vichwa, jamii ya Poritesi, ambayo huvumilia. Mwamba uliolindwa ulikuwa bado na wa kuwapoteza. Takwimu zangu zilikuwa sahihi, ila ukizisoma juu juu zilikuwa zinasema kigumi kinayakinga matumbawe na joto. Laiti ningechapisha, mtu angekwenda nayo kwenye kikao cha kufungua hifadhi.

Jambo hili si langu peke yangu. Emily Darling, McClanahan na Isabelle Côté walichapisha mwaka 2010 uchambuzi wa takwimu za miaka mingi za Kenya wakiuliza kama uvuvi na joto vikikutana huzidishana makali. Hawakuona kuzidishana: vilijumlika tu, au kimoja kilipunguza nafasi ya kingine kudhuru, kwa sababu uvuvi ulikuwa umetangulia kuondoa walio dhaifu. Usome utafiti huo kabla ya kuandika pendekezo la tatu.

Kwa hiyo kanuni yako ya kwanza: usilinganishe mwamba na mwamba, linganisha aina na aina. Akropora wa Bawe na Akropora wa Chumbe. Poritesi wa Changuu na Poritesi wa Pange. Andika jamii ya kila tumbawe unalolipima, hata kama ni kwa umbo tu: la matawi, la kichwa, la sahani. Na upate picha ya kabla. Miezi yako minane ianze Disemba, wakati kaskazi inaingia, uishie Julai kusi ikiwa imeshika. Ukianza Aprili umekwisha kuchelewa.

Kuhusu maeneo, una bahati ambayo wanafunzi wengi hawana. Mbele ya Mji una Chapwani, Changuu, Bawe na Pange, na kusini kidogo una Chumbe, ambayo mwamba wake wa magharibi umefungwa kwa uvuvi kisheria tangu 1994 na unalindwa na watu ambao wengi wao walikuwa wavuvi. Kila mwanafunzi hutaka kuchukua Chapwani na Chumbe, akaita mmoja "mchafu" na mwingine "safi". Usifanye hivyo. Miamba hiyo miwili inatofautiana kwa maji machafu, kwa uvuvi, kwa nanga, kwa mkondo na kwa kina kwa wakati mmoja. Ukiona tofauti hutajua utamshukuru au utamlaumu nani. Chukua yote mitano, ikiwezekana ongeza mingine, halafu kwa kila mmoja pima kila shughuli peke yake: umbali kutoka kwenye mabomba, idadi ya vyombo vilivyotia nanga siku unazokwenda, asilimia ya matumbawe yaliyovunjika, wingi wa pono na kangaja ndani ya mita 50 za utepe, asilimia ya mwamba iliyofunikwa na mwani. Hapo kila shughuli inakuwa na tarakimu yake, na neno "shughuli za binadamu" linaacha kuwa fuko moja lililotiwa kila kitu.

Na ukipiga tepu ishirini, yaani ukitandaza utepe mara ishirini, kwenye mwamba wa Bawe, usiniambie una sampuli ishirini. Una Bawe mmoja uliopimwa vizuri. Ukionja chungu kimoja mara ishirini utajua chumvi ya chungu hicho tu, cha jirani hujakionja. Watahini wa nje huanzia hapo hapo, na wana haki. Bora tepu nne kwenye miamba sita kuliko kumi na mbili kwenye miwili.

Vifaa ulivyonavyo vinatosha zaidi ya unavyodhani. Chuo Kikuu cha Queensland kina kadi ya rangi iitwayo CoralWatch, ya plastiki, yenye vivuli vya rangi vilivyopewa namba 1 mpaka 6. Unaiweka karibu na tumbawe, unasoma kivuli cha sehemu iliyoiva zaidi na iliyofifia zaidi. Tumbawe likishuka namba mbili au zaidi, limepoteza wapishi wengi. Utaisoma hata kwa kuzama kidogo tu, mwamba ukiwa mita moja au mbili chini. Chagua matumbawe, tuseme kumi ya kila umbo kwa kila mwamba, uyawekee alama kwenye jiwe lililokufa pembeni, kamwe usipigilie kwenye tumbawe lenyewe, uyapige picha kutoka upande ule ule, uyarudie kila mwezi, na wakati wa maleleji kila wiki mbili. Kumfuata mmoja mmoja ndiko kutakakokuambia nani alipauka akapona na nani alipauka akafa. Kuhesabu weupe mara moja hakukuambii hilo hata ukihesabu elfu.

Kuna mambo matatu ya maji ambayo mtu wa mbali huyasahau. Bahari yetu bamvua hupanda na kushuka kama mita 4, kwa hiyo "kina cha mita 2" hakina maana usipoandika saa na kurekebisha kwa jedwali la maji. Fanya kazi siku za maji mafu, mkondo ni mpole na maji hayana tope. La pili ni joto: satelaiti inasoma ngozi ya bahari, haijui kama maji ya nyuma ya kipwa, ule mwamba unaochomoza maji yakitoka, yamekwama na kupata moto. Omba kuazima vifaa vidogo vya kurekodi joto, ukubwa wake kama kiberiti, ufunge kimoja kila mwamba kwa kina kimoja. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja imefanya kazi hizi kwa muda mrefu, waulize, na waulize pia walinzi wa Chumbe. Bila ya hivyo sentensi yako ya "joto likiwa lile lile" ni dhana tu.

La tatu ni tope. Masika inanyesha wakati ule ule maji yanapokuwa moto. Tope hudhuru matumbawe, huyafunika na kuyachosha, lakini pia hukata jua, na mwamba wenye maji ya ukungu wakati mwingine hupauka kidogo kuliko wenye maji meupe. Usishangae ukiona hivyo, na usiifiche. Pima ung'avu wa maji kila siku unayokwenda. Sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za mita inatosha.

Ukitaka kuona jinsi tope na joto vinavyoweza kutenganishwa, tazama kazi iliyofanywa Malindi. Dominik Fleitmann na wenzake walitoboa tumbawe la Poritesi lenye umri wa miaka 300, wakatoa kipande kirefu kama cha mwanzi, wakapima bariamu iliyonaswa kwenye pete zake za kila mwaka. Bariamu huletwa na udongo wa mto. Kuanzia 1700 hadi karibu 1900 kiasi kilikuwa hakibadiliki sana. Kisha kikaanza kupanda na kikaendelea kupanda, wakati mashamba ya walowezi yalipofunguliwa kule bara na watu kuhamishwa, na udongo ukateremka na mto Sabaki hadi baharini. Yaani tumbawe limeandika historia ya ukoloni tangu kabla ya mkoloni kufika. Huna uwezo wa kutoboa matumbawe kwa miezi minane wala usijaribu, lakini jifunze namna walivyofikiri: walitafuta alama moja ambayo haiwezi kuletwa na kitu kingine isipokuwa kile walichokuwa wanakiuliza. Kwa maji machafu alama kama hiyo ipo. Naitrojeni ya kinyesi ina uzito wa kiasi ulio tofauti na ile ya bahari, na majani bahari huihifadhi. Vipande vichache vya majani vilivyokaushwa na kupelekwa maabara vingekupa ushahidi kuliko kuandika "karibu na mabomba". Kama fedha haipo, andika umbali, useme wazi kwamba ni umbali.

Vitu viwili nadhani utaambiwa uviweke, na mimi nakushauri usivifanye msingi wa utafiti wako. Mafuta ya jua ya watalii yana kelele nyingi. Palau na Hawaii wameyapiga marufuku yenye kemikali fulani, na si vibaya, lakini madhara yake yameonekana zaidi maabara na kwa viwango vikubwa. Ukilinganisha na joto na maji machafu, usiyape nusu ya miezi yako. La pili ni kiti cha pweza mwenye miiba, anayekula matumbawe. Huyo humpimi kama shughuli ya binadamu, lakini lazima umhesabu, kwa sababu huacha mifupa meupe safi inayofanana kabisa na kupauka. Miamba ya mbele ya Mji ilishambuliwa naye sana miaka ya mwanzo ya 2000. Tumbawe lililoliwa halina nyama juu yake. Lililopauka ukilitazama kwa karibu utaona nyama ipo, laini na angavu. Jifunze kutofautisha kabla ya kuanza kuandika namba.

Na babu. Mfanye sehemu ya utafiti rasmi, yeye na wazee wenzake sita au saba kutoka madiko mbalimbali. Wao ndio "kabla" yako ya miaka arobaini. Lakini usimuulize mtu "matumbawe yalikuwaje mwaka 2010", hakuna anayekumbuka kwa tarakimu. Muulize yalikuwaje ule mwaka umeme ulipokatika Unguja miezi mitatu, hapo atakumbuka, kwani ulikatika Disemba 2009 ukarudi Machi 2010, na kupauka kulifuata mara tu. Muulize yalikuwaje baada ya mvua za El Nino. Muulize jina la kila kipwa na kwa nini kiliitwa hivyo. Kuna vipwa vimepewa majina ya samaki ambao hawapatikani tena pale, na hiyo nayo ni takwimu. Andika maneno yao kama yalivyo. Wasipokubaliana, andika kutokubaliana.

Huenda mwaka wako bahari isichemke. Alhamdulillahi kwa matumbawe, ila wanafunzi hukata tamaa hapo. Panga utafiti ambao utasimama hata hivyo: kila kaskazi matumbawe hufifia kidogo, na kadi ya rangi italiona hilo, utakuwa na wingi wa mwani, wa samaki, wa matumbawe yaliyovunjika, na utahesabu watoto wa matumbawe wasiofika sentimita 5 kwenye fremu ya mraba. Hao watoto ndio jibu la swali lako la tatu. Mwenzako atakayekuja baharini kaskazi ijayo, au ile itakayokuwa mbaya, atakuta picha ya kabla ambayo mimi mwaka 2010 sikuwa nayo.

Kichwa cha pendekezo kiandike hivi, au karibu na hivi: "Tofauti za kupauka, kufa na kuota tena kwa matumbawe ya aina moja katika miamba yenye viwango tofauti vya maji machafu na uvuvi, mbele ya Mji wa Zanzibar." Ni kirefu na hakivutii, lakini kila neno lake linapimika, na msimamizi hatakuwa na pa kukirudisha.

Kabla ya Disemba pata kibali cha utafiti, upite kwa sheha na kamati ya wavuvi ya kila shehia inayohusika, na kwa wasimamizi wa eneo la hifadhi la Changuu na Bawe. Usizame peke yako hata siku moja. Mpeleke mwenzako mmoja akae chomboni akikutazama. Na wiki hii, kabla ya lolote, kaa na babu, mpe karatasi yenye ramani ya visiwa, akuwekee alama pale anapokumbuka Akropora walikuwa wengi. Hapo ndipo utakapoanzia kupiga tepu.